Fulana Zilipotakata

Navijua vyoo vya Temeke kuliko afisa afya yeyote aliyewahi kupewa pikipiki ya kuvikagua. Najua kipi kina komeo, kipi kinafungwa kwa kamba ya kiatu, na kipi mlinzi wake hutia ufunguo mfukoni kisha akaenda kunywa chai. Kutoka nyumbani kwangu Mtoni mpaka Mbagala viko saba ninavyoweza kuvitegemea. Bora kuliko vyote ni cha msikiti mmoja karibu na kituo cha mafuta, ambako kwa mwaka mzima imamu aliniheshimu kama mtu anayependa sana kutawadha. Sikumsahihisha.

Elimu hii sikuitafuta. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Kushona sijui, wanaoshona huniletea mashine zinazokata uzi au kuruka, nami nazifungua. Kazi yenyewe nilijifunza peke yangu kutoka vijitabu vinavyokuja na mashine, nikiwa na kamusi pembeni, na tangu hapo nimekuwa na imani kwamba kitu chochote kinaelezeka, ukikaa nacho kwa utulivu na kuandika unachokiona.

Kisha tumbo langu likaharibika. Kwa miezi minane nilikuwa nikienda chooni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na damu ndani yake. Katika maduka ya dawa nilitibiwa amiba mara nyingi mno. Nadhani amiba wenyewe, kama walikuwepo, walihama kwa kuchoshwa. Mwishowe nikafika kwa daktari wa matumbo katika hospitali moja ya mjini, mama wa Kihindi ambaye Kiswahili chake ni cha Dar kuliko changu mimi niliyekuja na basi kutoka Masasi. Aliingiza kamera mahali ambapo sikutegemea kamera ipite, akaniambia ukuta wa utumbo mpana umevimba na kuchubuka, na kwamba hakuna mdudu wa kulaumu. Askari wa mwili wangu mwenyewe wanaushambulia utumbo kana kwamba ni mgeni.

"Unapona?" nikamuuliza.

"Unatulia," akasema. "Ukitulia, kazi yako ni kuuweka hivyo hivyo. Hivi vidonge vya njano si vya kuponya, baba, ni vya kuzuia uvimbe usirudi. Siku utakayojiona mzima kabisa ndiyo siku ya kuvimeza kwa adabu."

Niliandika sentensi hiyo kwenye karatasi, nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya kamusi. Iko humo mpaka leo. Inafaa kuisoma ukijua nilivyoitii.

Nilinunua kaunta buku nikapiga mistari ya safu saba: tarehe, mara ngapi, damu, maumivu, chakula cha asubuhi, cha mchana, cha jioni. Kila siku nilijaza. Mke wangu alisema nimekuwa kama karani wa forodha, ila mzigo ninaoukagua ni wa aina moja tu. Niliviweka vyakula kizimbani kimoja kimoja. Maharage yalipatikana na hatia. Pilipili, hatia, tena bila kuchelewa. Tui la nazi nililishitaki mara tatu na mara zote tatu nikalifutia kesi, jambo lililomfurahisha mke wangu kuliko zawadi yoyote niliyowahi kumpa. Maziwa mgando bado yako rumande.

Aliyeumizwa na uchunguzi huo ni mtani wangu. Ni mama wa Kingoni, umri wetu mmoja, aliyepanga banda la uani kwangu kwa miaka tisa na kuweka genge lake mbele ya nyumba. Mimi ni Myao. Kwa wasioelewa, Mngoni na Myao ni watani: babu zetu walipigana, na sisi wajukuu tumerithi haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

"Mtani, umeniulia soko la pilipili," alilalamika. "Maharage huli, pilipili huli. Sasa hilo tumbo ni la mtu au la bi harusi?"

Lakini furaha yake kubwa ilikuwa vile vidonge. Vina rangi kali ya manjano, na rangi hiyo haikubali kubaki ndani. Mkojo huwa kama juisi ya pesheni. Jasho nalo lina rangi, na fulana zangu zote nyeupe zilipata alama ya manjano shingoni na makwapani ambayo haikutoka hata kwa jiki. Kila zilipoanikwa kwenye kamba ya uani, yeye alisimama mbele yake kama mtu anayesoma tangazo.

"Nilijua Wayao mnachemshwa," alisema. "Sikujua mnatiwa na bizari."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Safu ya pili ilishuka kutoka kumi hadi mbili, safu ya tatu ikawa sifuri, na sifuri zikapangana kurasa kwa kurasa, miezi kumi na minne.

Katika mwezi wa kumi na nne binti yangu aliposwa. Hapa nirudi nyuma kidogo. Alipomaliza kidato cha nne, siku ya mahafali, alipewa zawadi ya hisabati mbele ya wazazi wote. Mimi, niliyemfundisha hisabati hiyo juu ya meza ya kazi kati ya mabobini na makopo ya mafuta, nilikuwa nyuma ya madarasa katika choo cha wanafunzi. Nilisikia jina lake likitajwa. Nilisikia makofi. Nilisikia hata mtu akiuliza, "Baba yake yuko wapi?" Ningeweza kumjibu, lakini mahali penyewe hapakufaa.

Kwa hiyo posa ilipokubaliwa na tarehe ikapangwa miezi mitatu mbele, binti yangu alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Baba, utaniozesha mwenyewe?"

Kwa desturi yetu baba anaweza kumpa uwakala shehe, au ndugu, amsemee yale maneno. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ya haya tu. Yeye hakuwa akiuliza habari ya haya. Alikuwa akiuliza kama nitakuwepo mkekani au nitakuwa nasikiliza kutoka mahali pengine.

"Mwenyewe," nikasema.

"Shehe wetu anahutubu sana, baba."

"Mwenyewe, nimekwambia."

Aliponyanyuka nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Mtu mwenye utaratibu, akipewa wiki kumi na mbili, hufanya ukaguzi. Nilifungua kaunta buku nikalisoma tangu mwanzo, kutafuta kitu gani hasa kilileta zile sifuri, ili siku ya ndoa nikishikilie kwa mikono miwili. Nilifanya hesabu kwa siku tatu. Jibu lilikuwa wazi, na lilinipendeza: ni chakula. Niliacha maharage, sifuri zikaongezeka. Niliacha pilipili, zikaongezeka tena. Ushahidi ulikuwa mbele yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Vidonge havikuwemo. Havikuwemo kwa sababu sikuwahi kuvipigia safu. Kwangu safu ni ya kitu kinachobadilika; vidonge vilikuwa vilevile, sita kwa siku, kila siku, na kitu kisichobadilika kukiandika ni kupoteza wino. Kwa hiyo nilipoitazama karatasi, nilimuona mtu aliyepona kwa kuacha maharage.

Ningeishia hapo, pengine nisingedhurika. Ila mke wangu alileta kanzu. Ilikuwa nyeupe, darizi ya hariri kifuani, kola ya kusimama, ameinunua Kariakoo kwa siku hiyo tu. Aliitundika ukutani ikiwa bado ndani ya nailoni. Niliitazama, nikazitazama fulana zangu kwenye kamba, nikawaona wakwe wakinisalimia huku macho yao yakishuka polepole shingoni.

Nilianza kupunguza. Sikuacha kwa pupa kama wajinga. Kidonge kimoja kila siku nne, sita mpaka tano, tano mpaka nne, na hilo nililiandika, maana sasa lilikuwa linabadilika. Ila nililiandika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, kama mtu anayejua anafanya nini lakini asingependa aulizwe. Sikumwambia mke wangu. Sikumwambia daktari. Baada ya siku ishirini na nne nilikuwa kwenye sifuri, na tumbo limetulia kama maji ya mtungi. Nilijipongeza. Nilikula wali na samaki, nikaandika, nikajipongeza tena.

Wiki mbili baadaye nilikuwa uani nikinawa mikono, mtani wangu akasimama kwenye kamba.

"Mtani," akaita. "Fulana zako zimebatizwa lini?"

Nilitazama. Mke wangu alikuwa amenunua fulana mpya nne kwa ajili ya shughuli, na zilikuwa zimefuliwa mara kadhaa. Zilikuwa nyeupe pee.

"Sabuni mpya," nikasema.

"Sabuni gani? Mbona mkeo namuona anafulia mche uleule tunaokatiana kati kwa kati?" Akashika ncha ya fulana moja, akainusa, akaiachia. "Umeacha dawa."

"Sijaacha. Nimepunguza kwa utaratibu, na penseli mkononi."

"Umepunguza mpaka ngapi?"

"Mpaka sifuri."

Alicheka hadi akashika nguzo ya kamba. Kisha akaacha kucheka, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Hebu lete hilo daftari lako la chooni."

Nilileta, kwa kuwa nilikuwa na uhakika. Akapangusa mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akafungua. Alisoma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimweleza habari ya maharage. Nilimweleza habari ya nazi na rufaa zake.

"Umeandika mpaka kisamvu cha msibani," akasema. "Vidonge viko wapi?"

"Vidonge havikuwa vinabadilika."

"Na mie miaka tisa nimebadilika wapi? Mbona simo?"

"Mtani, hili ni jambo la kitaalamu."

"Haya, mtaalamu. Juzi si nimekusikia mie mwenyewe unamfokea yule fundi wa Mtongani? Mashine yake imekwama, anakwambia aliachaga mafuta kwa kuwa ilikuwa inakimbia vizuri. Ukamwambiaje?"

Nilikumbuka vizuri nilivyomwambia. Nilikuwa nimemwambia kwa sauti kubwa, mbele ya wateja wawili, na nilifurahia.

"Ile ni mashine," nikasema.

"Na wewe ni nini? Myao tu. Mashine ina akili, inapiga kelele kabla ya kufa."

Nilichukua kaunta buku langu nikaingia ndani. Sikukasirika, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Nilisema tu moyoni kwamba nitakusanya ushahidi wa wiki mbili zaidi ili nimjibu kwa takwimu.

Ushahidi ulikuja siku ya kumi. Asubuhi safu ya pili ilisoma tatu. Kesho yake tano, na safu ya tatu, baada ya zaidi ya miezi kumi na mitano, ikapata alama. Siku iliyofuata, tisa. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Zilibaki wiki nne kasoro siku mbili kufikia ndoa, na kanzu ilikuwa inang'aa ukutani.

Mke wangu aligundua kwa kuhesabu ndoo za maji. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, nani atamwambia mtoto, wewe au mie?" Nikamwomba anipe siku moja nimuone daktari kwanza.

Daktari alisikiliza hadithi yote, pamoja na habari ya kidonge kimoja kila siku nne. Akaomba kuliona daftari. Alilipitia kwa heshima iliyonipa matumaini.

"Baba, huu ni utafiti mzuri kweli," akasema. "Umechunguza kila kitu isipokuwa dawa."

Alipima choo kwanza, ahakikishe hakuna mdudu aliyeingia kwenye vurugu. Hakuwepo. Akanianzishia vidonge vingine, vidogo, vyeupe, vya kushusha uvimbe kwa nguvu: vingi wiki ya kwanza, kisha vipungue kila wiki, na safari hii kupunguza kulipangwa na yeye, kwa kalamu, si penseli. Vya njano nikavirudia, kidogo kidogo hadi sita. Akanionya nisiguse dawa zile za maungo za dukani, diklofenaki na ndugu zake, kwani huweza kuuwasha utumbo upya. Akanionya pia kwamba vile vyeupe vitanivimbisha uso, vitanipa njaa na ukali.

"Ndoa lini?"

Nikamwambia.

"Inawezekana ukafika mkekani. Siahidi."

Nilimwambia binti yangu siku hiyohiyo.

"Kwa ajili ya kanzu, baba?"

"Na ushahidi," nikasema.

"Kwa ajili ya kanzu." Akainama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. "Baba mdogo nimwambie ajiandae?"

Hilo swali liliuma kuliko tumbo. Baba mdogo ni mtu mwema, na tumbo lake husaga mpaka misumari.

"Ajiandae," nikasema. "Lakini asivae kanzu nzuri kuliko yangu."

Wiki zile nilikuwa na uso kama sahani, njaa kama ya mwanajeshi, na niligombana na cherehani mbili ambazo hazikuwa na kosa. Tisa ikawa saba. Saba ikawa tano. Damu ikafifia, ikakoma. Pembeni nilifanya utafiti mwingine, ambao nauungama hapa kwa mara ya kwanza: nilihudhuria ndoa tatu za watu nisiowajua, kwa shehe yuleyule, moja Chamazi na mbili Mbagala, nikakaa mlangoni na saa mkononi. Hotuba yake fupi ilikuwa dakika ishirini na tano. Ndefu ilikuwa arobaini na nane, kwa sababu bwana harusi alichelewa na shehe akaona amfundishe subira. Chamazi walinishika wakanilazimisha kula. Kwenye sinia la watu sita, mtu asiyekula anatiliwa mashaka kuliko mwizi. Nikajifunza kuchezesha mkono kwenye pilau, kumsogezea jirani nyama, na kusema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Siku ikafika. Asubuhi safu ya pili ilisoma mbili. Nilivaa fulana mpya, juu yake kanzu. Kulikuwa na joto, na wasiwasi, na vidonge sita kwa siku tangu wiki tatu nyuma. Kabla wageni hawajaketi nilisikia jasho likishuka nyuma ya shingo.

Nyumba yangu ina choo kimoja, uani, kinachotumiwa na sisi na wapangaji. Wageni walikuwa zaidi ya sabini. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimefikiria kila kitu, hotuba, sinia, kanzu, baba mdogo, na sikuwa nimefikiria hesabu hiyo rahisi: watu sabini, choo kimoja. Ilinijia saa nne na nusu, wakati shehe anavua viatu, na wakati huohuo tumbo likanyonga.

Nilitoka uani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia wali. Nikakuta mlango wa choo umezibwa.

Mtani wangu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Amevaa koti la kiume juu ya kitenge, mkono mmoja ameshika mwiko mrefu wa pilau kama mkuki, mwingine mfuniko wa sufuria kubwa kama ngao. Mbele yake alisimama mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye suti, ana haraka ambayo mimi, kati ya watu wote duniani, niliitambua.

"Choo hiki kimetekwa na Wangoni!" alikuwa akitangaza. "Toka asubuhi! Haingii mtu!"

"Mama, mie ni mkwe," akasema mjomba.

"Mkwe wa Myao ni mateka wangu. Nenda nyumba ya pili pale, geti la bluu, nimeshaongea nao. Ukifika sema shikamoo, unatokea kwa Wangoni."

"Nyumba ya pili?"

"Unavyozidi kuuliza ndivyo inavyozidi kuwa mbali, baba."

Watu walicheka. Hakuna aliyeshangaa, kwenye shughuli mtani ana ruhusa ya kuteka sufuria, kukalia kiti cha bi harusi, kuziba njia. Mjomba akaondoka kuelekea geti la bluu kwa hatua fupi fupi. Mimi nikabaki mbele ya mwiko.

"Myao haingii," akasema mtani wangu.

"Mtani, tafadhali."

"Myao analia!" aliwatangazia wapishi. Kisha akainama kidogo, sauti ikashuka. "Vya njano umemeza?"

"Nimemeza."

"Si kwa penseli?"

"Wallahi nimemeza."

Hakuridhika na kiapo. Akauweka mfuniko chini, akanyoosha mkono, akaivuta kola ya kanzu yangu kwa kidole kimoja, akachungulia nyuma ya shingo kama mtu anayekagua muhuri wa nyama. Sijui aliona nini, ila niliona uso wake ukilegea.

"Pita," akasema. Halafu kwa sauti ya kufika mpaka barabara ya Kilwa: "Huyu namtia mahabusu! Msimtafute!"

Wapishi walipiga vigelegele, na mimi nikaingia chooni kwa heshima zote za kivita, bila mtu hata mmoja kudhani kwamba nilikuwa nahitaji choo.

Ndani nilikuta sakafu kavu. Ndoo mbili zimejaa maji hadi ukingoni, sabuni mpya, karatasi laini juu ya dirisha. Hakuna aliyeingia humo tangu asubuhi. Nilisimama nikaitazama ile sakafu kavu kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyokuwa na nafasi. Alikuwa amewafukuza watu sabini, kwa matusi na vichekesho, kwa ajili ya mtu mmoja, na alikuwa amefanya hivyo kwa namna ambayo mtu huyo asingelazimika kushukuru.

Nilipotoka alinipiga mgongoni na mwiko. "Sasa kakae mkekani," akasema. "Mie niko hapa."

Shehe alianza. Baba mdogo alikuwa ameketi nyuma yangu kwa kanzu ya kawaida kabisa, kama tulivyokubaliana. Dakika ya kumi, utulivu. Dakika ya kumi na nane shehe akaingia kwenye haki za mke, nami najua kutoka Mbagala kwamba hapo hukaa. Dakika ya ishirini na tatu tumbo likaguna. Nilisikia jasho likishuka. Nilijua ni hatua kumi na tatu kutoka mkekani hadi uani, nilikuwa nimezipima. Na nilijua kwamba mwishoni mwa hatua hizo kuna mlango, na mbele ya mlango kuna jeshi. Kwa mbali nilimsikia akimwambia mtu, "Shikamoo yako iko wapi?" Tumbo likaguna mara moja zaidi, kama mtu anayenung'unika usingizini, likanyamaza.

Dakika ya thelathini na moja shehe akamwita msimamizi wa bi harusi: "Walii."

Nikasogea. Nikakaa mbele ya bwana harusi, magoti yakigusana. Mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Nikayasema maneno, yote, kwa mdomo wangu: kwamba nimekuoza binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana. Akajibu kwamba amekubali. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani, kabla shehe hajafunga dua, nilisikia makofi, ya mtu mmoja tu. Shehe alitazama pazia kwa kukunja uso, kwa sababu hapo si mahali pa kupiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa. Nilijua mikono ile.

Picha zilirudi upesi. Kwenye ile kubwa mimi na bwana harusi tumeshikana mikono, uso wangu ni mviringo kama sahani, na kwenye kola ya kanzu, juu ya weupe wote ule wa Kariakoo, kuna ukanda wa manjano unaoonekana hata ukisimama mlangoni. Mke wangu alitaka mpiga picha aufute kwa kompyuta yake. Binti yangu akakataa, akaitundika hivyohivyo sebuleni kwake.

Kaunta buku sasa lina safu ya nane. Kila siku naijaza, na kila siku inasema sita. Mtani wangu, aliyejipa kazi ya ukaguzi, hulifungua anapopenda. Juzi alifika kwenye ukurasa wa siku ile ya ndoa, akasoma nilivyoandika: mara tatu, damu hakuna, vidonge sita, choo chini ya ulinzi.

"Ulinzi wa nani?" akauliza. "Mbona jina halipo?"

Nikamwambia kitu kisichobadilika sikiandiki.

Akanitazama, akafunga daftari, akaenda kwenye kamba kuziangalia fulana.

"Bizari imekolea," akasema. "Wiki hii unalika."